Uhakiki wa Hoja ya Herbert Dingle dhidi ya Misingi ya Kihisabati ya Nadharia Maalumu ya Uhusianifu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki hoja ya Herbert Dingle kwamba nadharia maalumu ya uhusianifu inajikinza yenyewe, kwa kuwa inadai kila moja kati ya saa mbili inakwenda polepole kuliko nyingine. Makala yanaonesha kwamba ukinzani anaoudai Dingle hautoki katika milinganyo ya nadharia hiyo. Unatoka katika kuuita kwa jina moja uwiano wa aina mbili tofauti. Hata hivyo, makala yanatetea upande mmoja wa msimamo wake: swali la kimantiki halijibiwi kwa matokeo ya majaribio, wala kwa kunyamaza. Mwisho, makala yanapendekeza namna ya kuieleza nadharia hii kwa Kiswahili pasipo kumrithisha msomaji kosa lilelile.

1. Utangulizi

Tangu Albert Einstein alipoichapisha mwaka 1905, nadharia maalumu ya uhusianifu haijakosa wapinzani. Wapo walioipinga kwa misingi ya falsafa, wapo waliosukumwa na siasa na chuki dhidi ya Wayahudi, na wapo ambao hawakuisoma kwa makini. Herbert Dingle (1890–1978) haingii kwa urahisi katika makundi hayo. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha kuieleza nadharia hiyo kwa wasomaji wa kawaida, Relativity for All. Mwaka 1940 alichapisha kitabu kingine, The Special Theory of Relativity, kilichokusudiwa kufundishia. Alikuwa profesa wa historia na falsafa ya sayansi katika University College London, na kati ya mwaka 1951 na 1953 alikuwa rais wa Royal Astronomical Society. Aliyeikana nadharia hii, basi, alikuwa ameifundisha kwa miaka mingi.

Kwa sababu hiyo hoja yake inastahili kuhakikiwa kama hoja, si kama kioja. Ikiwa Dingle yuko sahihi, fizikia ya karne ya ishirini imejengwa juu ya msingi wenye ufa. Ikiwa amekosea, ni wajibu wa mhakiki kuonesha ni katika hatua ipi hasa amekosea, na kwa nini mtu wa elimu yake alipita hapo bila kuliona kosa. Kusema tu kwamba wanafizikia wengi hawakukubaliana naye ni kutaja idadi ya watu. Sababu bado inadaiwa.

Uhakiki huu unaongozwa na tofauti kati ya maswali matatu ambayo mijadala kuhusu Dingle imeyachanganya mara nyingi. La kwanza ni la upatanifu: je, kauli za nadharia zinaweza kusimama pamoja bila kukanushana? La pili ni la ukweli: je, ulimwengu unaenenda kama nadharia inavyosema? La tatu ni la maana: je, maneno tunayotumia kuieleza nadharia yanasema kile kinachosemwa na milinganyo yake? Dingle aliamini anauliza swali la kwanza. Makala haya yanadai kwamba tatizo alilolikuta lilikuwa la swali la tatu.

2. Hoja ya Dingle na mabadiliko yake

Ni muhimu kutenganisha vipindi viwili vya upinzani wa Dingle, kwa kuwa jibu la kimoja si jibu la kingine. Katika kipindi cha kwanza, hususani mwaka 1956, alijadiliana na W. H. McCrea katika jarida la Nature kuhusu msafiri anayeondoka, akaenda mbali kwa kasi kubwa, kisha akarudi. Wafuasi wa Einstein walisema, kama Paul Langevin alivyokuwa amesema mwaka 1911, kwamba msafiri huyo atarudi akiwa na umri mdogo kuliko mwenzake aliyebaki. Dingle alikataa. Wakati huo hakuikataa nadharia yenyewe. Alidai kwamba nadharia, ikisomwa vema, inataka wote wawili wawe wamezeeka sawa, kwa kuwa mwendo ni jambo la uhusiano na kila mmoja anaweza kujihesabu kuwa ndiye aliyetulia.

Katika kipindi cha pili msimamo wake ulibadilika. Alikubali kwamba nadharia inatoa matokeo yanayodaiwa na wapinzani wake, lakini akaona kwamba inatoa pia matokeo ya kinyume. Kwa hiyo aliona kwamba nadharia yenyewe haina budi kuwa na kosa. Msimamo huu aliuweka wazi katika Nature mnamo Oktoba 1967, ambapo jibu la McCrea lilichapishwa katika toleo hilohilo, na akaupanua katika kitabu chake Science at the Crossroads cha mwaka 1972. Hoja ya kipindi hiki, ambayo ndiyo inayogusa misingi ya kihisabati, inaweza kupangwa hivi:

(i) Saa A na saa B, zilizotengenezwa kwa namna moja, zinaachana kwa mwendo sare ulionyooka.
(ii) Kwa mujibu wa mageuzo ya Lorentz, katika fremu ya A, saa B inakwenda polepole kuliko saa A.
(iii) Kwa mujibu wa mageuzo hayohayo, katika fremu ya B, saa A inakwenda polepole kuliko saa B.
(iv) Haiwezekani kila moja kati ya saa mbili iende polepole kuliko nyingine.
(v) Kwa hiyo nadharia inajikinza.

Hatua ya (iv) ina nguvu inayotokana na hesabu ya kawaida. Hakuna namba mbili ambazo kila moja ni ndogo kuliko nyingine. Anayemjibu Dingle kwa kusema kwamba uhusianifu umeifuta kanuni hiyo anamwongezea hoja, kwa sababu nadharia inayofuta kanuni hiyo haiwezi kuandikwa kwa namba. Jibu linapaswa kupatikana katika hatua ya (ii) na ya (iii), na hasa katika neno "polepole" linalotumika katika hatua zote mbili kana kwamba lina maana moja.

3. Mfano wa saa tatu

Ili kuona kinachosemwa na milinganyo, tuchukue mfano wenye namba. Kasi ya B kuhusiana na A iwe 0.6 ya kasi ya nuru. Muda tuupime kwa dakika, na umbali tuupime kwa dakika-nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa dakika moja. Kwa kasi hiyo, kizidisho cha Lorentz ni 1.25. Ikiwa t na x ni wakati na mahali pa tukio katika fremu ya A, na t′ na x′ ni wakati na mahali pa tukio lilelile katika fremu ya B, basi:

t′ = 1.25 (t − 0.6x)
x′ = 1.25 (x − 0.6t)

Saa A na B zinapopishana zote zinasoma 0. Sasa tuiongeze saa ya tatu, C, iliyotulia katika fremu ya A umbali wa dakika-nuru 6 mbele ya A, katika njia ambayo B inapita. Saa A na C zimeoanishwa kwa utaratibu aliouweka Einstein mwaka 1905: nuru inatumwa kutoka A kwenda C na kurudi, na muda wa kwenda unahesabiwa kuwa sawa na muda wa kurudi.

Katika fremu ya A, B inasafiri dakika-nuru 6 kwa kasi ya 0.6, hivyo inaifikia C baada ya dakika 10. Saa C inasoma 10. Tukiweka t = 10 na x = 6 katika mlinganyo wa kwanza, tunapata t′ = 8. Saa B inasoma 8. Huo ni ukweli ambao hautegemei mtazamaji yeyote: saa mbili ziko mahali pamoja, moja inasoma 8 na nyingine 10, na yeyote aliyepo anaweza kuzipiga picha moja.

Katika fremu ya B habari inasimuliwa tofauti. B imetulia, na A na C ndizo zinazosogea. Umbali kati ya A na C hapa ni dakika-nuru 4.8, yaani 6 kugawanywa kwa 1.25, hivyo C inaifikia B baada ya dakika 8. Wakati A na B zinapishana, saa C haisomi 0 katika fremu hii. Inasoma 3.6, kwa kuwa uoanishaji uliofanywa katika fremu ya A haukubaliki katika fremu ya B. Kutoka 3.6 hadi 10 ni dakika 6.4. Kwa hiyo, katika fremu ya B, saa C imetembea dakika 6.4 katika muda ambao saa B imetembea dakika 8. Imekwenda polepole, kwa uwiano wa 0.8, na bado inasoma 10 inapokutana na B, kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa mbele.

Masimulizi hayo mawili yanatofautiana katika kila hatua ya njiani na yanakutana katika picha moja: B inasoma 8, C inasoma 10. Hakuna mahali ambapo fremu moja inatabiri kwamba picha itaonesha namba fulani, na nyingine ikatabiri namba tofauti. Ukinzani wa kweli ungetakiwa uonekane hapo.

4. Uwiano wa aina mbili chini ya jina moja

Sasa turudi kwa Dingle. Anapohesabu mwendo wa A kwa mwendo wa B, anapata thamani mbili. Ya kwanza inatoka katika tukio la B kukutana na C: 10 kwa 8, yaani 1.25. Ya pili inatoka katika tukio la kinyume, ambapo A inakutana na saa D, iliyooanishwa na B na inayosafiri dakika-nuru 6 nyuma yake: A inasoma 8 na D inasoma 10, hivyo uwiano ni 8 kwa 10, yaani 0.8. Kwa kuwa 1.25 si 0.8, Dingle anahitimisha kwamba nadharia imeanguka.

Lakini katika hesabu ya kwanza, namba 10 haikusomwa kwenye saa A. Ilisomwa kwenye C. Katika hesabu ya pili, namba 10 haikusomwa kwenye saa B. Ilisomwa kwenye D. Uwiano wa kwanza ni kati ya wakati wa fremu ya A na saa moja ya B. Uwiano wa pili ni kati ya saa moja ya A na wakati wa fremu ya B. Ni vipimo viwili vya vitu viwili. Kuviita vyote "mwendo wa A kwa mwendo wa B" ni kuvipa jina moja, na jina moja haliwezi kuvifanya viwe kitu kimoja.

Jambo hili linaweza kuelezwa kwa lugha ya viwango vya badiliko. Mlinganyo wa kwanza wa Lorentz unaonesha kwamba, x ikishikiliwa bila kubadilika, t′ inaongezeka kwa 1.25 kwa kila ongezeko la 1 katika t. Mlinganyo wa kurudi, t = 1.25 (t′ + 0.6x′), unaonesha kwamba, x′ ikishikiliwa bila kubadilika, t inaongezeka kwa 1.25 kwa kila ongezeko la 1 katika t′. Kama wakati ungetegemea kigeu kimoja tu, viwango hivyo viwili vingepaswa kuwa kinyume cha kimoja na kingine: kimoja kikiwa 1.25, kingine kingekuwa 0.8. Wakati unategemea vigeu viwili, na katika kila hesabu kigeu kinachoshikiliwa ni tofauti. Hakuna kanuni ya hisabati inayotaka viwango hivyo viwe kinyume cha kimoja na kingine.

Anayeshuku kwamba huu ni ujanja ulioandaliwa kwa ajili ya kumwokoa Einstein anaweza kuujaribu mbali kabisa na uhusianifu. Mtu amesimama kilomita 8 mashariki na kilomita 6 kaskazini ya soko. Umbali wake kutoka sokoni ni kilomita 10. Akisogea mita moja kwa kulipa soko kisogo moja kwa moja, umashariki wake unaongezeka kwa mita 0.8: umashariki unaongezeka polepole kuliko umbali. Akisogea mita moja kuelekea mashariki tu, umbali wake kutoka sokoni unaongezeka kwa takribani mita 0.8: umbali unaongezeka polepole kuliko umashariki. Kauli zote mbili ni za kweli. Kila kimoja kinaongezeka polepole kuliko kingine, na hakuna aliyewahi kudai kwamba kanuni ya Pythagoras imejikinza kwa sababu hiyo. Kila kauli inahusu hatua tofauti iliyopigwa.

Haki inataka tumpe Dingle nafasi ya kujibu kwa namna iliyo na nguvu zaidi. Anaweza kusema: ni nadharia yenyewe inayodai kwamba A na C zimeoanishwa, kwa hiyo ni nadharia yenyewe inayoniruhusu kuichukua C kuwa badala ya A. Jibu ni kwamba ruhusa hiyo ina mpaka. Nadharia inasema C inaweza kushika nafasi ya A katika fremu ya A. Haisemi hivyo katika fremu ya B, na imekadiria tofauti yenyewe kuwa dakika 3.6. Dingle anachukua ruhusa iliyotolewa katika fremu moja na kuitumia katika hukumu inayozihusu fremu zote mbili. Hatua hiyo aliiongeza yeye. Ukweli kwamba kutukia kwa wakati mmoja kunategemea fremu si kiraka kilichobandikwa baadaye ili kuziba ufa. Ni tokeo la mageuzo yaleyale ambayo Dingle anayatumia kupata hatua ya (ii) na ya (iii). Anayeyakubali mageuzo kwa ajili ya kujenga ukinzani hawezi kuyakataa pale yanapouondoa.

Swali la mwaka 1956 nalo linapata jibu lake hapa. B ikiifikia C, ikageuka na kurudi kwa kasi ileile, itasoma 16 itakapokutana tena na A, na A itasoma 20. Safari hii saa mbili zilezile zinakutana mara mbili, hivyo hakuna haja ya C wala D, na tofauti ni ya uhakika. Ulinganifu umevunjika kwa sababu njia ya A ni mstari mmoja ulionyooka, na njia ya B ni mistari miwili yenye kona.

5. Je, hisabati ya nadharia inaweza kujikinza?

Kuonesha kwamba ukinzani mmoja uliodaiwa haupo si sawa na kuonesha kwamba hakuna mwingine uliojificha. Mpinzani ana haki ya kudai dhamana ya jumla, na dhamana hiyo ipo.

Mnamo Septemba 1908, katika mhadhara aliotoa mjini Köln, Hermann Minkowski alionesha kwamba nadharia maalumu inaweza kusomwa kama jiometria. Tukio ni mpangilio wa namba halisi nne, moja ya wakati na tatu za mahali. Badala ya kipimo cha Pythagoras, kinachojumlisha vipeo vya pili, jiometria hii inatoa kipeo cha pili cha umbali kutoka katika kipeo cha pili cha muda. Katika mfano wetu, tukio la B kukutana na C lina t = 10 na x = 6, na 100 kutoa 36 ni 64. Katika fremu ya B tukio hilo lina t′ = 8 na x′ = 0, na 64 kutoa 0 ni 64. Mageuzo ya Lorentz ni yale tu yanayobadili namba za tukio na kukiacha kipimo hicho bila kuguswa, kama vile kuuzungusha mchoro kusivyobadili urefu wa mistari yake.

Umuhimu wa jambo hili kwa swali la upatanifu ni mkubwa. Kila kauli ya nadharia maalumu kuhusu saa na fimbo inaweza kutafsiriwa kuwa kauli kuhusu namba halisi. Endapo mtu atatoa kutoka katika nadharia hiyo kauli mbili zinazokanushana, tafsiri yake itakuwa kauli mbili zinazokanushana katika hesabu ya namba halisi. Njia hii ya kuthibitisha haikubuniwa kwa ajili ya Einstein. Mwaka 1868 Eugenio Beltrami aliitumia kuonesha kwamba jiometria isiyo ya Euclid haiwezi kujikinza isipokuwa ile ya Euclid nayo ijikinze.

Kwa hiyo mzigo wa Dingle ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliamini anaishtaki nadharia moja ya fizikia. Kama mashtaka yake yangethibitika, yangeiangusha hesabu aliyoitumia kuyaandika.

6. Majibu yasiyojibu

Hadi hapa uhakiki umemwelemea Dingle. Sasa unapaswa kuwageukia baadhi ya waliomjibu, kwa kuwa si kila jibu alilopewa lilikuwa jibu.

Jibu la kwanza lisilojibu ni la majaribio. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa nne za atomi za sizi kuizunguka dunia kwa ndege za abiria, mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Zikilinganishwa na saa zilizobaki Washington, zilizokwenda mashariki zilipoteza takribani nanosekunde 59, na zilizokwenda magharibi zilipata takribani nanosekunde 273. Nadharia, ikichanganywa na athari ya mvutano, ilikuwa imetabiri kupoteza 40 na kupata 275, na tofauti zimo ndani ya mipaka ya makosa ya vipimo na makadirio. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, mwaka uleule wa kitabu cha Dingle. Baadaye, mwaka 1977, watafiti wa CERN walitangaza kwamba muoni zinazozunguka kwa kasi inayokaribia ile ya nuru ziliishi takribani mara 29 ya muda wa zile zilizotulia.

Matokeo haya yana uzito mkubwa kwa swali la ukweli. Kwa swali la upatanifu hayana uzito huo. Kutoka katika kauli zinazokanushana mtu anaweza kutoa kauli yoyote, ikiwemo iliyo sahihi. Nadharia inayojikinza ingeweza kutabiri nanosekunde 273 na ikabaki mbovu. Dingle alisisitiza kwamba swali la mantiki linajibiwa kwa mantiki, na katika hilo alikuwa sahihi. Kinyume chake ni kweli pia: mageuzo ya Galileo, yanayofanya wakati uwe mmoja kwa wote, hayana ukinzani wowote wa ndani, na bado hayaelezi muoni hata kidogo. Upatanifu ni sharti la nadharia kuwa ya kweli. Peke yake hautoshi.

Mfano mmoja alioutumia Dingle unaionesha vizuri tofauti hiyo. Mwaka 1905 Einstein aliandika kwamba saa iliyoko katika ikweta itakwenda polepole kidogo kuliko saa ya namna hiyohiyo iliyoko katika ncha ya dunia. Dingle aliuliza: kwa nini isiwe ile ya ncha? Jibu la kimantiki ni rahisi, kwa kuwa saa ya ikweta inakwenda kwa duara, hivyo hali za saa hizo mbili hazilingani. Hata hivyo, kwa saa halisi zilizo katika usawa wa bahari, utabiri huo haukutimia: dunia imebenuka katika ikweta, na athari ya mvutano, ambayo Einstein aliifikia miaka iliyofuata, inaifuta ile ya mwendo. Kauli ya mwaka 1905 ilikuwa na upungufu wa kifizikia bila kuwa na ukinzani wa kihisabati. Dingle alielekeza kidole mahali penye tatizo, kisha akalitaja tatizo lisilokuwepo.

Jibu la pili lisilojibu ni ukimya. Katika Science at the Crossroads Dingle analifanya suala la kimaadili kuwa sehemu nzito ya kitabu: wanasayansi wana wajibu kwa umma wa kuutetea msingi wao kwa lugha inayoeleweka, na kumpuuza anayeuliza ni kuusaliti wajibu huo. Si kweli kwamba hakujibiwa. McCrea alimjibu, na Max Born naye alimjibu katika Nature mwaka 1963. Hata hivyo, kanuni anayoitetea ni njema hata kama mfano wake ni mbaya. Taaluma inayojibu swali kwa kutaja cheo cha anayejibu inamfundisha mwanafunzi kutii, na mwanafunzi huyo hatajua la kufanya siku muulizaji atakapokuwa sahihi.

7. Suala la lugha ya kufundishia

Kwa nini, basi, mtu aliyeijua nadharia kiasi cha kuiandikia kitabu alikosea hapo? Makala haya yanaona kwamba sehemu kubwa ya jibu imo katika sentensi inayozoeleka: "saa inayokwenda inachelewa." Sentensi hiyo inataja saa moja na kuificha ya pili na ya tatu. Haisemi inachelewa kwa kulinganishwa na saa zipi, wala ni nani aliyezioanisha. Ikigeuzwa upande wa pili, inazaa mara moja hatua ya (ii) na ya (iii) za Dingle.

Kiswahili kina hatari yake hapa, na pia kina msaada wake. Hatari iko katika neno "saa", linalotaja chombo, kipimo cha muda, na nafasi katika siku. Msomaji anaweza kuteleza kutoka katika chombo A hadi katika wakati wa fremu nzima ya A bila neno lolote kubadilika, na huko ndiko Dingle alikoteleza. Hatari nyingine iko katika "inachelewa", linaloweza kumaanisha kwamba saa inasoma nyuma au kwamba mwendo wake ni wa polepole.

Msaada ni kwamba mazungumzo ya kila siku tayari yanatenganisha mambo hayo. Tunasema saa "iko mbele" au "iko nyuma" tunapozungumzia inachosoma, na tunasema "inakwenda polepole" au "inakwenda mbio" tunapozungumzia mwendo wake. Mtu anaweza kusema bila kujikinza: saa yangu iko mbele, ingawa inakwenda polepole. Hiyo ndiyo hali ya C katika fremu ya B. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea pia kwamba nukta moja ya wakati huitwa saa mbili asubuhi katika hesabu moja na saa nane katika hesabu nyingine, pasipo ugomvi. Mfano huo una mpaka wake: tofauti ya saa sita haibadiliki popote, ilhali tofauti kati ya fremu mbili hukua kadiri ya umbali. Unasaidia kueleza uoanishaji. Haufai kueleza mwendo.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba kauli "saa inayokwenda inachelewa" isitumike peke yake katika maandishi ya kufundishia. Mahali pake iandikwe: saa moja inayopita mbele ya saa mbili zilizooanishwa katika fremu nyingine itaonesha muda mfupi kuliko tofauti ya masomo ya saa hizo mbili. Kauli hii ni ndefu, lakini inataja saa zote tatu. Ikigeuzwa upande wa pili, inataja saa tatu nyingine, na msomaji anaona mwenyewe kwamba hakuna kinachokanusha kingine.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba hoja ya Dingle inaanguka katika hatua moja inayoweza kutajwa: kuchukua uwiano wa aina mbili, uliopimwa kwa saa tofauti na kati ya matukio tofauti, na kuuhesabu kuwa mmoja. Misingi ya kihisabati aliyoishambulia ina dhamana ileile iliyo nayo hesabu ya namba halisi. Ukweli wa nadharia katika maumbile ni suala jingine, na huamuliwa kwa saa za atomi na muoni.

Pamoja na hayo, swali lake lilistahili kuulizwa, na lilistahili jibu lenye namba. Anayetaka kuendeleza upinzani wa aina hii anapaswa kutimiza sharti moja: ataje tukio moja, mahali pamoja, ambapo nadharia inatabiri masomo mawili tofauti ya saa ileile. Katika mfano tuliouchunguza, saa B ilipokutana na saa C, kila fremu ilitabiri 8 na 10.